Mbio za kaskazi zianze gizani, na barafu iwe tayari

Mhariri,

Kaskazi, msimu wa joto wa Pwani, imeshashika. Kati ya Desemba na Machi, mkazi wa Dar es Salaam, Tanga, Bagamoyo au Unguja hahitaji kuambiwa na mtu: mchana nyuzi joto 32, usiku haushuki sana chini ya 25, na mtu huamka shuka limemganda mwilini. Msimu huu huu ndio mabango ya mbio za hisani yanapofuatana kila mwisho wa wiki. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuwaambie waandaaji mambo mawili, na wakimbiaji wenyewe mengine kadhaa.

Kwa waandaaji: miezi hii, huku Pwani, kilomita 42 ziondoke saa 11:00 alfajiri na kilomita 21 saa 11:30. Pili, mkimbiaji akianguka kwa joto apozwe pale pale kwa maji ya barafu, ndipo apandishwe gari. Mpangilio huo ukigeuzwa, mtu anaweza kufa akiwa njiani kwenda kutibiwa.

Hali ilivyo sasa kila anayekimbia anaijua. Bango linasema saa 12:00 asubuhi. Watu wanafika mapema, wanapasha misuli, wanajipanga mstarini, kisha anasubiriwa mgeni rasmi. Inafuata hotuba, utambulisho wa wadhamini, mazoezi ya viungo kwa muziki, picha ya pamoja. Filimbi inalia saa 1:10. Bingwa atamaliza kilomita 21 saa 2:15 na kukaa kivulini. Anayelipa gharama ya ule ucheleweshaji ni mama au baba wa ofisini anayetumia muda wa saa mbili na nusu, ambaye atafika saa 3:40, jua limeshakaza na meza za maji zimeshakauka. Huyo ndiye mwenye mazoezi machache kuliko wote, na ndiye anayeachwa juani muda mrefu kuliko wote.

Kwa nini kuchelewa kwa saa moja na dakika kumi kuwe jambo kubwa hivyo? Misuli inapofanya kazi, robo tu ya nguvu inayotumia, au pungufu, ndiyo inayomsukuma mtu mbele. Iliyobaki yote hugeuka joto. Mtu wa kilo 60 anayekimbia kilomita 10 kwa saa hutumia takriban kilokalori 600 kwa saa, na zaidi ya 450 kati ya hizo ni joto tupu linalotafuta pa kutokea. Lisipopata njia, joto la mwili wake litapanda nyuzi moja kila dakika sita au saba. Kutoka 37 hadi 40 ni dakika ishirini tu. Kinachomwokoa ni jasho: lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilokalori 580 hivi. Neno la kushikilia hapo ni ikikauka. Jasho linalodondoka chini kutoka kwenye pua na viwiko halijapoza kitu, limepotea bure pamoja na chumvi yake. Hewa ya Pwani imeshiba maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya jasho hudondoka badala ya kukauka, mwili huongeza jasho kufidia, damu inapungua maji, na moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kwa kasi ile ile ya miguu.

Ndiyo maana nyuzi joto peke yake hazitoshi kupima hatari. Wataalamu wa michezo hutumia kipimo kiitwacho WBGT, ambacho hesabu yake ni rahisi: asilimia 70 hutoka kwenye kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji, asilimia 20 kwenye kipimajoto kilichowekwa ndani ya tufe jeusi juani, na asilimia 10 kwenye kipimajoto cha kawaida kivulini. Kile cha kitambaa ndicho kinachobeba habari za unyevu, na ndicho kilichopewa uzito mkubwa. Tuchukue alfajiri ya Februari kabla ya jua: kitambaa 25, tufe 27, hewa 26. Jumla ni 25.5. Inachosha, ila inakimbilika kwa tahadhari. Saa 3 asubuhi kitambaa kimepanda kidogo tu, 26. Lakini tufe limefika 42 na hewa 30. Jumla ni 29.6. Kwa miongozo ya madaktari wa michezo iliyozoeleka, ukipita 28 mbio ndefu za watu wengi huahirishwa. Zingatia kwamba kile kipimajoto cha kitambaa kilipanda nyuzi moja tu. Tofauti karibu yote imeletwa na jua, na jua ndicho kitu pekee katika hesabu hii ambacho mwandaaji anaweza kukikwepa kwa kubadilisha saa.

Wapo wanaosema alfajiri ndipo unyevu unapokuwa mkubwa, hata asilimia 90, hivyo afadhali kusubiri hewa ikauke kidogo. Asilimia inashuka, ni kweli, lakini inashuka kwa sababu hewa imepata moto. Maji yaliyomo hewani hayajaenda popote.

Wakubwa wa mchezo huu walishajifunza. Septemba 27, 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia Doha ilianza dakika moja kabla ya saa 6 usiku kukwepa jua. Hata hivyo joto lilizidi nyuzi 30 na unyevu asilimia 70. Walianza 68, na 28 hawakumaliza. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia 2:32:43. Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, ilihamishia marathoni Sapporo, kaskazini mwa Japani, na bado usiku wa kuamkia mbio za wanawake saa ya kuanza ikarudishwa kutoka saa 1 hadi saa 12 asubuhi. Ikiwa ratiba ya Olimpiki, yenye televisheni za dunia nzima nyuma yake, iliweza kusogezwa usiku mmoja, hotuba ya mgeni rasmi inaweza kusogezwa hadi wakati wa kugawa medali. Pale ndipo watu wana nafasi ya kumsikiliza.

Kuanza gizani kuna madai yake, hatuyafichi. Jua la Dar es Salaam msimu huu huchomoza kati ya saa 12:05 na 12:30, kwa hiyo saa nzima ya kwanza inahitaji taa. Njia ipite barabara zenye taa, polisi wa usalama barabarani wawe kwenye makutano kabla ya wakimbiaji, mashimo na matuta yazungushiwe utepe unaong'aa, na mkimbiaji avae kitu cheupe. Barabara ya Barack Obama, Daraja la Tanzanite na mzunguko wa Oysterbay na Masaki vinafaa. Usafiri wa saa 10 usiku ndio mgumu kwa wanaotoka Gongo la Mboto au Mbagala; mwandaaji akodi mabasi machache na kuyatangaza pamoja na bei ya fulana.

Maji nayo yahesabiwe, yasikisiwe. Joto hili linataka kituo kila kilomita mbili na nusu. Mkimbiaji mmoja hunywa kama mililita 200 na kujimwagia zaidi ya hizo, kwa hiyo watu 1,000 wanahitaji si chini ya lita 400 kwa kila kituo, na theluthi yake iwekwe kando kwa ajili ya wa nyuma. Chupa za nusu lita ni hasara: mtu hunywa mafunda mawili na kuitupa. Vikombe na ndoo zenye bomba vinatosha, pamoja na ndoo ya sifongo zilizolowekwa maji ya baridi.

Sasa wakimbiaji. Mwili huzoea joto, na kuzoea huko kuna ratiba inayojulikana: siku 10 hadi 14 za kukimbia ndani ya joto lenyewe, kila siku au karibu kila siku, dakika 60 hivi kwa mara. Siku tatu hadi tano za kwanza maji ya damu huongezeka na mapigo ya moyo huanza kushuka. Baadaye jasho huanza kutoka mapema, hutoka kwa wingi zaidi, na chumvi yake hupungua. Wiki ya kwanza iwe ya mbio nyepesi tu, dakika 20 hadi 30 mwanzoni, ukiongeza dakika tano au kumi kwa siku. Mazoezi ya kasi yasubiri wiki ya pili. Ukikaa bila kukimbia kwenye joto wiki tatu au nne, karibu faida yote inapotea na unaanza upya.

Hili linawahusu sana wenzetu wa Arusha, Mbulu, Iringa na Njombe, na wale wa Iten na Eldoret wanaoshuka Mombasa. Mapafu yao ni mazuri kwa sababu ya miinuko, lakini miili yao haijaonja joto. Wanashuka Ijumaa kwa basi, wanakimbia Jumapili kwa kasi ya nyumbani, na wanaangushwa kilomita ya 15. Asiyeweza kushuka siku kumi kabla ana njia nyingine: baada ya mbio nyepesi za jioni, aingie kwenye maji ya nyuzi 40 hadi shingoni kwa dakika 30 hadi 40, siku sita mfululizo. Pipa safi lililokatwa linatosha. Awepo mtu wa kumwangalia, atoke akisikia kizunguzungu, na asisimame ghafla.

Kasi ishushwe kwa makusudi tangu hatua ya kwanza. Kwa kaskazi ya Pwani, kipimo cha kuanzia ni sekunde 20 hadi 40 polepole zaidi kwa kila kilomita kuliko unavyokimbia Julai, na zaidi ya hapo kwa mwenye mwili mkubwa. Mwenye saa ya mapigo ya moyo aifuate hiyo, aache kutazama kasi. Mapigo yatapanda yenyewe kadiri dakika zinavyokwenda hata kama miguu haijaongeza kitu, na hapo dawa ni kupunguza, au kutembea dakika moja kila baada ya kumi. Mtanzania Alphonce Simbu alipokuwa wa pili marathoni ya Boston Aprili 2025 alitumia 2:05:04. Alipotwaa dhahabu ya dunia Tokyo Septemba 15 mwaka huo huo, kwenye joto na unyevu, ushindi wake ulikuwa wa 2:09:48. Mbio za ubingwa zina mbinu zake, hatusemi dakika zote hizo ni za joto. Lakini bingwa wa dunia alikubali kwenda na hali ya siku hiyo, na akawa na mguu wa kumalizia pale wengine walipokuwa wameisha.

Mazoezi ya kasi yakatwe vipande vifupi: badala ya kilomita moja mara sita, mita 400 mara kumi na mbili, pumziko refu kivulini. Mbio ndefu za Jumamosi ziishe kabla ya saa 1:30. Njia za Mlimani, chini ya miti ya Chuo Kikuu, zina unafuu mkubwa kuliko lami ya barabara kuu. Jioni watu wengi hujidanganya: saa 11 jua limelegea, lakini lami imeunguzwa tangu asubuhi na inarudisha moto chini ya miguu. Ngoja saa 12:30.

Kuhusu kunywa, acha kuuliza jirani anakunywa kiasi gani. Jipime. Pima uzito bila nguo kabla ya mbio za muda wa saa moja, kimbia, jikaushe, pima tena bila nguo. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho. Jumlisha ulichokunywa njiani. Wengi Pwani watakuta wanapoteza lita moja hadi moja na nusu kwa saa, wengine mbili. Lengo si kurudisha yote, kwani tumbo halipokei zaidi ya mililita mia chache kwa kila robo saa. Lengo ni uzito usishuke zaidi ya asilimia mbili au tatu, yaani kilo moja na nusu hivi kwa mtu wa kilo 60. Mililita 150 hadi 250 kila dakika 15 au 20 huwatosha wengi.

Mbio zikizidi saa moja, maji matupu hayatoshi. Kinywaji cha nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vinne vya mezani vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, ndimu moja. Sukari ikizidi hapo tumbo linasokota, kwa sababu maji yanavutwa kwenda utumbo badala ya kutoka humo kuingia kwenye damu. Juisi ya miwa na soda ni tamu mno. Zizimuliwe nusu kwa nusu au ziachwe hadi baada ya kumaliza. Madafu ni mazuri lakini watu wanayapa sifa isiyo yake: yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho hupoteza hasa sodiamu. Dafu na chumvi kidogo, sawa. Nusu saa kabla ya kuanza, barafu ya ukwaju au ya juisi iliyopondwapondwa, kama gramu 450 kwa mtu wa kilo 60, hupoza mwili kutoka ndani na kukununulia dakika kadhaa za mwanzo. Jaribu mazoezini kwanza, wapo ambao matumbo yao huikataa.

Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi na halizungumzwi: kunywa kupita kiasi. Mtu wa polepole, mwenye chupa mkononi, aliyeambiwa "kunywa kabla hujasikia kiu", anaweza kumaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza. Sodiamu ya damu imezimuliwa, ubongo unavimba. Dalili zake ni kichwa kuuma sana, kichefuchefu na kutapika, vidole vilivyovimba hadi pete inabana, kisha kuchanganyikiwa na degedege. Huyo usimpe maji zaidi na usimtundikie dripu bila daktari kumpima damu. Ukimaliza mbio uzito umeongezeka, umekunywa mno, basi.

Yapo mambo ya kuacha kabisa. Koti la nailoni au plastiki inayofungwa tumboni ili "kuchoma mafuta": inazuia jasho kukauka, kilo inayopungua ni ya maji na inarudi kwa chakula cha mchana, na katikati ya hapo unacheza na uhai. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni kabla ya mbio: figo zimeshapungukiwa damu kwa sababu ya joto, na dawa hizi huzibana zaidi. Dawa za mafua zinazokausha kamasi hukausha na jasho. Usikimbie ukiwa na homa, malaria ambayo dozi yake haijaisha, tumbo la kuhara, au pombe ya usiku uliopita. Ada uliyolipa isikulazimishe. Nguo iwe nyepesi, pana, ya rangi iliyopauka. Fulana nzito ya pamba ikilowa hukaa na maji kama sifongo. Wanaokimbia na hijabu wachague kitambaa chepesi kisichobana shingoni na wakiloweshe kila kituo. Kilicholowa hupoza kichwa vizuri kuliko kichwa wazi juani.

Ramadhani miaka hii inaangukia katikati ya kaskazi, Februari na Machi. Anayefunga ana nyakati mbili za kukimbia: dakika 30 hadi 40 nyepesi zinazoishia adhana ya magharibi ikiwa jirani, ili maji yapatikane papo hapo, au usiku baada ya tarawehe akiwa amefuturu saa mbili nyuma. Mazoezi ya kasi yaende usiku tu. Baada ya daku si wakati wake, kwa kuwa lita utakayopoteza asubuhi hutairudisha hadi jua litue.

Tunarudi kwa waandaaji, kwenye lile jambo la pili.

Anayeanguka baada ya kuvuka mstari, akiwa anajibu maswali vizuri, mara nyingi damu imezama miguuni kwa sababu amesimama ghafla. Mlaze, inua miguu, mpe kivuli. Baada ya dakika 10 au 15 ataketi. Anayepepesuka kabla ya mstari, anayegombana na wasaidizi, asiyejua leo ni siku gani wala mbio zimeanzia wapi, huyo mchukulie kuwa na kiharusi cha joto, yaani mwili uliopata moto hadi ubongo ukavurugika, mpaka ithibitike vinginevyo. Usidanganywe na jasho. Watu wamekariri kwamba mgonjwa wa joto huwa mkavu. Mkimbiaji huanguka akiwa bado ametota. Usidanganywe pia na kipimajoto cha kwapa au kile cha kuelekeza kwenye paji la uso, kwani ngozi iliyolowa husoma 37 wakati ndani kuna 41. Kipimo cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa, kinachotumiwa na muuguzi nyuma ya pazia. Kama hakipo na mtu amechanganyikiwa, anza kupoza.

Muda ndio dawa. Joto la ndani lishuke chini ya 39 ndani ya nusu saa tangu aanguke; kila dakika inayozidi, ini, figo na ubongo vinaungua. Maji ya barafu yanayokorogwa hushusha nyuzi moja kila dakika tano hivi, kwa hiyo mtu wa 41.5 anahitaji takriban dakika 12 hadi 15. Hesabu ya vifaa ni hii: tanki la plastiki lililokatwa au beseni refu la lita 200, maji lita 120 ya bomba yenye nyuzi 28, barafu iliyopondwa kilo 25 hadi 30. Hiyo inafikisha maji kwenye nyuzi kama 10. Weka kilo 10 nyingine pembeni. Barafu ile ile wanayonunua wauza samaki wa Feri inafaa, haihitaji kuwa ya kunywa. Mvue viatu na fulana, mzamishe hadi kwapani, pitisha kanga chini ya kwapa zote mbili na mtu mmoja ainame nyuma akiishika ili kichwa kisizame. Mwingine akoroge maji muda wote, la sivyo maji yanayogusa ngozi hupata moto na kuwa kama blanketi. Taulo lenye barafu kichwani, libadilishwe kila dakika mbili. Mtoe akifika 38.6; kama hamna kipimo, mtoe baada ya dakika 12 hadi 15, au akianza kutetemeka sana na kujua alipo. Ndipo gari liondoke.

Asiye na tanki atumie turubai: watu sita wanashika kingo, mgonjwa katikati, lita 80 za maji na kilo 20 za barafu, wanayumbisha huku na huku. Panadol haisaidii hapa, joto hili si homa. Usimnyweshe asiyejitambua. Chupa tatu za maji zilizomwagwa kichwani huku watu hamsini wamemzunguka na kuziba upepo si huduma ya kwanza, na bajaji kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo ni mbaya zaidi.

Mbio za Falmouth, Massachusetts, Marekani, hukimbiwa Agosti, kilomita 11 na ushei za joto na unyevu. Katika miaka 18 wahudumu wake walipokea wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto na kuwatumbukiza kwenye maji ya barafu papo hapo. Wote 274 walipona. Hakuna mtambo wa gharama uliotumika pale, ni maji, barafu na watu waliofanya mazoezi ya kumwinua mgonjwa kabla ya siku yenyewe.

Tunaiomba Riadha Tanzania iweke haya kwenye masharti ya kibali cha mbio zote za Pwani za Desemba hadi Machi: saa ya kuondoka isiyosubiri mtu, tanki moja la barafu mstarini na jingine kilomita tatu kabla yake, kwa sababu wengi huangukia hapo, na kipimo cha WBGT kinachosomwa kila nusu saa na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha mbio. Kabla ya kulipa ada, mkimbiaji apige namba iliyo kwenye bango na kuuliza: tanki la barafu litakuwa kilomita ya ngapi, na nani atalisimamia?

Walimu wa mbio za masafa marefu,
Dar es Salaam